Onchari Asizikwe kwa Mgomba

Kwako Baba Mdogo,

Natanguliza hoja kabla ya salamu, usije ukasema niliificha nyuma ya adabu: Onchari asizikwe. Hakuna mtu, kwetu Nyaramba wala huku, anayejua kwamba mwanao amekufa. Shina la mgomba mnalotaka kulizika mahali pa mwili wake litawafaa waliomchukua kuliko litakavyomfariji mama yake.

Sasa nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini kifua kimekupa nafuu katika mvua hizi na kwamba majani ya chai yanachumika. Mimi ni mzima. Ningali nakusanya habari na kuwatafsiria wageni huku Kongo mashariki. Mji siutaji, kwa kuwa barua za huku husomwa na wengi kabla ya mwenyewe. Hii nimempa mtu wa nyumbani ninayemwamini kiasi. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, badala ya Ekegusii, ili hata yule mgeni wenu kutoka Nairobi aielewe ikisomwa.

Nakueleza yaliyotukia, maana nashuku uliambiwa nusu. Onchari alipanda bodaboda kwenda kupiga picha za familia zilizokimbia vijiji vyao. Kwenye kizuizi cha barabarani wakatokea watu wenye bunduki, waliovaa sare zisizo na alama yoyote. Wakamwamuru mwendeshaji ageuze pikipiki, nao wakaondoka na Onchari kwa miguu, kamera ikiwa shingoni mwake. Mwendeshaji huyo nimemhoji mara kadhaa, na maneno yake hayajabadilika.

"Ulisikia risasi?" nilimuuliza.

"Hapana, ndugu. Nilimsikia yeye akiwauliza majina yao."

Hapo nilimtambua mwanao.

Ofisi iliyotuajiri inadai aliangukiwa na bomu. Lilianguka wapi? Aliyeliona ni nani? Msimamizi wetu alinijibu, "Mokua, punguza maswali. Familia inahitaji amani." Baba Mdogo, mtu anayewalipa wenzake ili waulize maswali akianza kunisihi niyapunguze, mimi humwogopa.

Nije kwenye ile fulana ya kuzuia risasi mliyoletewa na yule mgeni wa ofisi kama ushahidi. Kemunto alinitumia picha yake, nami nikampigia binti yako huyo papo hapo. Fulana zetu zote zina herufi kubwa nyeupe kifuani zinazotangaza kuwa mvaaji ni mwanahabari. Zamani, nasikia, herufi hizo zilikuwa kinga. Siku hizi wapo wanaozitumia kulenga shabaha. Ndiyo maana Onchari alizifunika kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme tangu wiki yake ya kwanza huku, na hakuubandua hata kwa kufua.

"Kemunto, ziguse hizo herufi. Zinanata?"

"Hazinati. Ni safi kama za dukani."

"Basi hiyo si yake."

"Baba anasema fulana zote ni moja."

"Mwambie fulana ni moja, waliozivaa ni wengi."

Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia jambo lililonikosesha raha zaidi. Kumbe hakuna mzee wa kwetu aliyelitaja suala la mgomba kwanza. Ni yule mgeni, baada ya chai, aliyeuliza kwa upole kama Abagusii hawana njia ya kumzika asiyeonekana. Nani alimfundisha mila yetu? Na wewe, mzee wa kanisa la Sabato, uliyesimama mimbarani miaka yote ukizikemea mila, imekuwaje hii moja ikakupendeza upesi hivyo? Sikutuhumu, Baba Mdogo. Nauliza tu, kwa sababu ulinisomesha ili niulize.

Najua utakalosema, kwa kuwa ulikwisha kulisema kwenye simu: "Digrii imekupanda kichwani! Unataka mama yake akae matangani mpaka lini?" Swali hilo ni zito na sina jibu lake. Sidai kwamba Onchari yu hai. Nadai kwamba hatujui, na kutojua si kifo. Mwanahabari aliyekamatwa huku huishi kwa kadiri anavyouliziwa. Kila simu inayopigwa, kila jina linalotajwa redioni, humkumbusha mlinzi wake kwamba ipo siku atadaiwa mtu huyu. Mkishazika, nani ataulizwa tena? Picha za mazishi zitawafikia waliomshika kabla ya machozi kukauka, nao watajua kwamba wameruhusiwa. Na nani ameruhusu? Baba mzazi.

Mama Onchari mpe salamu zangu za pekee. Mweleze kwamba anapokataa kuvaa nguo za msiba, mimi niko upande wake. Nisalimie baba na mama yangu, Kemunto, shemeji yetu mwenye duka la dawa pale Nyamira, na mchungaji, ambaye ningependa ayafikirie haya kabla hajaandaa mahubiri.

Nimesikia ukoo unakutana Jumapili kupanga mazishi. Jibu lako silitaki kwa simu, wala kwa kunong'onezwa na binamu. Isome barua hii yote mbele ya watu, mgeni akiwa ameketi pale pale, kisha useme kwa kinywa chako mwenyewe: ni nani aliyemwona Onchari akiwa maiti? Kama yupo, asimame, ataje jina lake na mahali. Kama hakuna anayesimama, watangazie hivyo, kwa sauti ya kuwafikia walioketi nyuma.

Mwanao asiyekubali upesi,
Mokua