Jani la Sale Halibandikwi Mtandaoni

Kitindamimba wangu, wewe uliyeko huko kwenye baridi,

Mimi baba yako ndiye mzee wa kwanza katika Nkoaranga yote kuwa na daftari ndani ya intaneti, na nililifungua kwa vidole vyangu hivi hivi vya kuchumia kahawa. Haya, usicheke. Ulilifungua wewe. Mimi nilishika mkoba wako, nikamwuliza yule dada wa intaneti kafe kama chai imo kwenye bei.

Unakumbuka siku ile pale kafe ya Sekei, mjini, wiki ya kuondoka kwako? Ulinivutia kiti ukasema, "Baba, daftari hili halilowi wala haliliwi na panya. Nikikuta ukurasa wa maana nabandika kule, wewe unasoma huku." Ukaligawa mafungu: Kahawa, Migomba, Mama. Nikauliza fungu la Baba liko wapi. "Wewe utatafutwa kwenye nini, Baba? Ujeuri?" Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Sikatai, lilinifaa. Tangu soko huria lituletee wanunuzi wenye mizani zao na bei zao za mdomoni, tulikuwa tunauza kama vipofu. Wewe ukawa unabandika bei ya dunia. Mnunuzi akitaja yake, namwuliza, "Kijana, hiyo ni bei ya kahawa au ya maganda?"

"Aa, mzee, kwani nani kakwambia?"

"Daftari langu."

Anaongeza kidogo, roho ikimuuma.

Halafu figo za mama yako zikagoma, na fungu lake likanenepa kuliko la kahawa. Kila niliposhuka mjini nilikuta umebandika jipya: ale matango, asiguse kile. Mengi ni Kiingereza. Mimi na darasa langu la nne tulisoma picha, yaliyobaki dada wa kafe akanifafanulia. Nikirudi nyumbani namhubiria mama yako, naye anasema, "Mwambie mwanao aje anipikie hayo matango mwenyewe." Nilikuandikia maneno hayo. Ukabandika namna ya kupika matango.

Mama yako akafariki. Hukuja. Nikakutetea mbele ya ukoo: masomo, nauli, barafu. Nilitetea mpaka nikaishiwa uongo.

Baada ya matanga nikashuka mjini. Kwenye fungu la Mama ulikuwa umebandika picha ya jani la sale, na chini yake: "Baba, sale hilo. Nisamehe."

Mwanangu! Kwetu, anayekuja na sale kuomba radhi hakataliwi, hata kama alikuchomea nyumba. Lakini huja nalo mkononi, anasimama uani, watu wanamwona, jani linanyauka kwa jasho la aibu yake. Masale yamejaa mpakani mwa shamba letu, umeyaruka tangu ukiwa mtoto, halafu unakwenda kuokota la watu usiowajua!

Dada wa kafe akaniuliza, "Nikuprintie, mzee wangu?" Nikamwambia printi. Mashine haikuwa na wino wa rangi, likatoka la kijivu. Shangazi yako akaligeuza-geuza. "Huyu ni samaki gani?" Nikamwambia ni mwanangu anaomba msamaha. Hakucheka, na yule hucheka hata msibani.

Basi sijakukataa, maana mila hainiruhusu. Wala sijakupokea, maana hujafika. Nimekaa hapo katikati, na kwa umri wangu si mahali pa kukaa sana. Ninaandika gazetini, hadharani, majirani wasome, kwa sababu nikikuandikia humo daftarini utanibandikia kitu.

Ila ninakudai deni dogo. Siku ya kuondoka nilikubebea sanduku begani hadi barabarani, njia yote utelezi, ukasema, "Baba, omba lolote." Sikuomba. Leo naomba, na wala halihitaji nauli. Nikifungua daftari kutafuta bei ya kahawa, linatangulia onyo la fungu la Mama: asile chumvi. Nimejaribu kuliondoa, daftari linasema mwenye ruhusa ni wewe.

Liondoe, mwanangu. Mama yako hali tena kitu.

Baba yako,
bado niko.