Gari Lililokimbia Lenyewe

Nyumba ya Pili,
Mtaa wa Nyuma ya Posta,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Goti lako limeitikia dawa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Na wifi, kile kikohozi kimemwachia? Nauliza mapema kwa sababu nikishaanza yangu sitakumbuka tena adabu.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mpwa wako amepandishwa cheo kule ghalani, sasa ndiye anayeshika funguo. Hiyo ndiyo habari njema yote niliyo nayo, ndiyo maana nimeitanguliza.

Nakuandikia kuhusu shemeji yako. Ile ajali uliisikia kipandekipande kwenye simu, mimi nikilia na mtandao ukikatika. Acha nikusimulie vizuri, maana limezuka jambo jipya.

Unamjua alivyo na usukani. Miaka ishirini na miwili amefundisha watu udereva, wanafunzi wakimwita Mwalimu Polepole, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema anayesafiri naye abebe chakula cha siku mbili. Siku ile, mwaka jana mwezi wa pili, alikuwa anaegesha mbele ya duka la kinyozi, huyohuyo aliyemnyoa tangu tuoane. Kinyozi alikuwa nje anakung'uta taulo. Gari likanguruma, likaruka ngazi mbili za mlangoni, likambana kwenye ukuta wa duka lake mwenyewe. Hakufika hospitali.

Tangu dakika ile shemeji yako alikuwa na kauli moja, kwa askari, kwa mkaguzi wa magari, kwa hakimu: alikanyaga breki, gari likakimbia. Mkaguzi alilikagua kwa saa nzima, akaandika kwamba halina kasoro, dereva amekanyaga mafuta akidhani ni breki. Basi, ikawa hivyo.

Sasa sikiliza la kwangu, ambalo sikuwahi kukuambia. Askari aliniuliza kama mume wangu amekuwa na usahaulifu. Nikamwambia wiki ile alizunguka nyumba nzima akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Nilidhani watamwonea huruma. Wakayaandika, yakasomwa mahakamani mbele za watu. Aligeuka akanitazama mara moja tu. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na heri angenilaumu.

Alipewa kifungo cha nje, leseni ikafutwa, chuo kikamwambia asirudi. Gari likaenda kwa watu wa vyuma chakavu, hakuna aliyetaka kuliona. Na wewe, Kaka, ulimwambia kwenye simu kwamba umri umekwenda, akubali tu yaishe. Ulisema kwa wema, najua. Akakubali. Kuanzia hapo hakutaja tena breki. Hukaa kwenye kiti cha jikoni, nami naona mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, unainuka, unakanyaga tena, kama unatafuta kitu.

Jumanne iliyopita ikaja barua kutoka kampuni iliyotengeneza gari. Wanayaita magari yote ya aina ile yarudishwe. Wameandika kwamba pedeli ya mafuta huenda ikakwama, gari likaongeza kasi bila dereva kutaka. Tulipeleke kwa wakala wao, watalirekebisha bure kwa dakika arobaini na tano. Na wanaomba radhi kwa usumbufu.

Usumbufu, Kaka.

Niliisoma nimesimama mlangoni. Nikampelekea jikoni. Akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri kama ilivyokuja.

"Wameandika 'huenda'," akasema.

Nikamuuliza kwani si ndivyo alivyokuwa akisema yeye siku zote.

"Nilisema. Halafu nyote mkanieleza mpaka nikaelewa. Sasa sijui tena nilikanyaga nini."

Mpwa wako aliwapigia simu. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu tele, akasema tulilete gari likapimwe. Akaambiwa gari limeshayeyushwa. Akasema basi, kwa bahati mbaya, hakuna cha kupima. Wakili tuliyemwendea alisema hivyohivyo, ila kwa maneno marefu zaidi.

Alhamisi nikaichukua ile barua nikaenda kwa mjane wa kinyozi. Tulikuwa hatujasalimiana tangu mazishi. Niliona ana haki ya kujua, na sitaficha, nilitumaini pia atatusamehe. Alinikaribisha ndani, akasoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. Kisha akanirudishia.

"Mwaka mzima nimemchukia mumeo," akasema. "Ndicho kilichokuwa kinaniamsha asubuhi. Sasa unataka nimchukie nani?"

Akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akafunga.

Nilipomweleza shemeji yako nilikokwenda, akaniambia nisiende tena, nimwache mama wa watu na majonzi yake. Tangu siku hiyo sahani yake inarudi kama ilivyokwenda. Nimemwambia namwamini. Nimemwambia kwa kupiga magoti. Ananigusa bega, ananiambia asante, kama mtu anavyomshukuru mgeni. Kweli namwamini, lakini imani yangu imekuja ndani ya bahasha ya kampuni, na hilo analijua.

Kaka, sikuombi chochote cha mkononi. Naomba umwandikie yeye, si mimi. Usimpe pole, pole amezishiba. Mwambie tu kwamba siku ile kwenye simu ulikosea. Alikuwa amebishana na askari na hakimu asitikisike, aliposikia sauti yako ndipo alipoacha kujiamini. Sijui kama itamsaidia. Kusema kweli, sidhani. Lakini andika, na andika upesi, maana juzi nilimuuliza anafikiria nini, akanijibu kwamba hafikirii tena.

Mfikishie wifi salamu zangu, na wale mapacha waambie shangazi yao anawakumbuka. Mpwa wako anakusalimu wewe mjomba wake. Shemeji yako hajui kama nakuandikia, lakini nakuwekea salamu zake, kwa sababu zamani asingesahau kuzituma.

Mungu awalinde mtokapo na mrudipo, na awajalie watu wa kuwaamini kabla ushahidi haujafika.

Akupendaye hata katika haya,
Mdogo wako, kitindamimba.