Hotpoti ya mzee Tomasi

Domina, niko hospitali. Mimi mzima. Ni mzee Tomasi, yule mstaafu wa reli aliyekuwa anakula kwangu mgahawani kila mchana.

Kondo wa bodaboda huwa anamwachia hotpoti mlangoni na kuchukua ya jana yake. Leo kaniletea ya jana, nafungua nioshe, WALI UMEJAA. Haijaguswa hata punje!

Namuuliza, hukuona ni nzito? Ananijibu, "Dada, kazi yangu mimi ni kufikisha."

Kufikisha!!

Nimekimbia kwake na kanga ya jikoni hivihivi. Tumevunja mlango. Kaanguka tangu jana asubuhi, nyonga imevunjika. Anasema jana aliisikia pikipiki, akaita. Ikaondoka. Leo tena akaita. Ikaondoka.

Angekuwa anakuja kula, jana hiyohiyo ningeuliza yuko wapi.

Na usinifariji. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mzee wangu, usiyasumbue hayo magoti, nitakuletea." Watu wakanisifia roho nzuri. Uongo mtupu. Alikuwa anakaa saa mbili nzima na sahani moja, mimi nikaitaka meza. Ni kweli oda za maofisini zimeongezeka, jiko halipoi. Ila hakuna anayekaa kula tena, wote wanaletewa.

Nimempa shikamoo, kaitikia kwa shida, halafu kaniuliza, "Mwanangu, ile meza yangu ulimpa nani?"

Domina, sikumpa mtu. Nimepanga vifungashio juu yake.