Mistari ya Ufagio

Thornton Heath, Jumapili

Nimeshindwa hoja leo, tena na mdogo wangu Mwanaidi, na hasira bado ninayo.

Alinipigia simu huku ughaibuni kutoka Tanga kusema fundi anaanza kesho kumwaga zege uani kwa marehemu mama, anakoishi yeye sasa. Nikapandisha sauti. Nikamsimulia lile hekalu la kale la Kishinto nililotembelea Japani mwezi uliopita. Wenzangu walikuwa wanapiga picha lango jekundu. Mimi niliganda mbele ya kuhani aliyekuwa akifagia uwanja, mistari ya ufagio imelala mchangani sawasawa na ya mama asubuhi, ile tuliyokuwa tukiambaa ukuta tusiikanyage. Nililia pale, mtu mzima na ndevu zangu.

"Kwa hiyo mchanga wa mama usiguswe," nikasema.

"Kaka, anayeinama kuufagia kila siku ni nani? Si wewe uliyeandika gazetini kwamba kazi za nyumbani zinawavunja wanawake migongo? Au mgongo wangu ni wa chuma?"

Nikasalimu amri. Mimi!

Nikaomba kipande kimoja tu, mbele ya mlango wa jiko, kiachwe na mchanga wake. Akacheka.

"Haya, nitakiacha. Lakini majani yatajaa hapo mpaka uje ukifagie mwenyewe."

Nimekubali, na naogopa. Tangu tumzike mama sijarudi. Na ufagio wenyewe sijawahi kuushika. Mama aliwapa wasichana tu.