Bibi, Nimemjibu Bi Tatu

Bibi,

Shikamoo. Hapa naacha nafasi ya marahaba yako, ujaze mwenyewe.

Nimemjibu Bi Tatu! Nilitaka nianze na habari za kuku na mahindi na kifua cha Baba, kama ulivyonifunza kwamba habari kubwa haitangulii salamu, lakini nimeshindwa kuizuia. Nimemjibu, Bibi. Mbele za watu. Kwa sauti. Watu wamecheka mpaka Baba akavua miwani akaifuta kwa shati. Mimi, Kabula, ambaye ukinituma dukani nilikuwa nasubiri wateja wote waondoke ndipo niseme naomba chumvi.

Basi ngoja nirudi nyuma. Najua ungenikatiza: "Anzia mwanzo, usirukeruke kama panzi."

Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya. Sikujua kwamba kelele zote za kwetu zilikuwa zako na za Bi Tatu. Yeye upande wake wa ua wa minyaa, anachoma vitumbua; wewe upande huu na ufagio. "Enyi wabeba mizigo, mmeamka?" "Tumeamka, wavivu wa pwani, nyie mnarudi kulala saa ngapi?" Unamkumbuka yule mama mgeni wa nyumba yenye geti jekundu, alivyokuja kwa Baba na uso wa huzuni kuomba wazee wa mtaa wetu wa Cheyo waitwe wawapatanishe? Baba akamweleza taratibu kwamba hawa hawagombani, ni watani. Huyu Mnyamwezi, yule Mzaramo. Babu zetu walishuka pwani na mizigo, babu zao wakawapokea, wakazoeana mpaka wakaweza kutukanana bila mtu kununa na kuzikana bila mtu kuombwa. Yule mama alikubali, lakini kila mkianza alikuwa anafunga dirisha.

Siku ya kukuzika Bi Tatu alivaa gauni lako la kitenge. Hukuliona, nakuhadithia. Akachukua fimbo yako, akapita katikati ya waombolezaji kwa ule mwendo wako wa nyonga moja, anauliza nani amemaliza karanga zake. Shangazi Mhoja alikuwa analia, akacheka, akaendelea kulia palepale alipokuwa ameachia. Halafu jeneza lilipoinuliwa Bi Tatu akalala chini mbele yake. "Haendi huyu! Kesho nani atanitukana?" Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa karibu. Nilimwona uso. Hakuwa anacheza.

Sasa sikiliza kosa la mwanao.

Msiba ulipoisha, wageni walipoondoka, asubuhi Bi Tatu akaita kama kawaida: "Enyi wabeba mizigo, mmeamka?" Na Baba, akiwa na mswaki mkononi, akamjibu: "Shikamoo, Mama. Tumeamka salama, tunakushukuru kwa kila kitu."

Shikamoo! Kwa mtani! Bibi, nilikuwa nasuuza vyombo, nikaona mkono wa Bi Tatu umesimama juu ya kikaango na kitumbua kinaungua. Baba hakukusudia. Alifikiri kwa kuwa tumefiwa, adabu ndiyo itakayomfariji. Lakini mtani ukimpa adabu umempa mkono wa kwaheri. Akaita tena siku iliyofuata, kwa sauti ndogo, na Baba akamwamkia tena, kwa heshima zaidi. Baada ya hapo hakuita. Vitumbua akawa anatuletea vimefunikwa kitambaa, anabisha hodi. Bi Tatu, anabisha hodi!

Na mimi? Mimi majibu nilikuwa nayo. Kila asubuhi nilikuwa nayo mdomoni kama pipi. Shuleni nimesomeshwa kwa Kiingereza, nyumbani kwa Kiswahili, na Kinyamwezi nimekipata kwako jikoni, na zote hizo nazinyamazia sawasawa, sibagui. Mwalimu mmoja anasema anayenyamaza hajui. Sikubaliani naye. Anayenyamaza mara nyingi anajua. Ni vile jibu lake likifika mlangoni linarudi ndani kutafuta viatu.

Ndipo likizo ikaja. Nikuambie nilikokwenda, maana ulikuwa unapenda kuambiwa.

Kwanza tulikwenda Kwihara na Rehema wa darasani kwetu, kuona ile nyumba ya udongo waliyofikia wasafiri wa zamani. Rehema alipiga picha mlangoni, dirishani, tena mlangoni. Maoni yangu ni kwamba mtu akijipiga picha mahali pamoja zaidi ya mara tatu, mahali penyewe panachoka. Mimi niliketi kivulini nikawa nawaza wenye mizigo. Wewe ulisema babu yake babu yako alibeba. Nilijaribu kuweka begi la Rehema kichwani, nikatembea mpaka kwenye barabara na kurudi. Shingo iliniuma mpaka jioni. Rehema aliniuliza nina nini, nikasema hamna kitu. Lakini nilikuwa nimepata heshima fulani ambayo sikuwa nayo asubuhi.

Halafu Igunga, kwenye harusi ya Dada Neema wa Shangazi Mhoja. Ndiyo, ameolewa! Kijana ana masikio makubwa lakini mpole. Nitoe maoni mengine hapa hapa: wali wa Igunga ukipikwa na Shangazi hauhitaji mboga, na wanaosema wali bora ni wa mahali pengine hawajaalikwa kwa Shangazi.

Bi Tatu alialikwa pia. Mtani haachwi kwenye harusi. Asubuhi tunaondoka Tabora akaja na begi kubwa, lile la mistari, limejaa mpaka zipu imekenua meno. Baba akamuuliza, mizigo yote hiyo ya harusi, Mama? Akasema hapana. Pale Igunga yanapita mabasi ya Dar. Harusi ikiisha atapanda moja, aende zake Kisarawe kwa binti yake. Chumba ameshakabidhi funguo kwa jirani. "Tabora nimemaliza. Adui yangu amekufa, waliobaki wote wananiamkia."

Baba akasema, "Tutakukumbuka sana, Mama."

Nilitaka kumfinya.

Njia nzima nilikaa nyuma ya Bi Tatu nikitazama kisogo chake chenye mtandio wa njano. Nikasema moyoni, tukifika Nzega nitasema kitu. Tukafika Nzega, tukapita. Nikasema tukifika kule kwenye mashamba ya pamba. Yakapita na yenyewe. Bibi, nilikuwa nakuzika mara ya pili na safari hii mimi mwenyewe nimeshika jembe. Nilielewa hivyo na bado mdomo haukufunguka.

Harusini basi. Dada Neema ameshavaa, gari la kwenda kanisani linaunguruma nje, wanawake wamejipanga na vigelegele vyao, na mlango umezibwa. Bi Tatu amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, mtandio ameufunga kiunoni.

"Bibi harusi hatoki!"

Watu wakafurahi, mambo si ndiyo hayo. Baba Mdogo akatoa noti akamwekea mapajani. Akairudisha. Mjomba naye akatoa. Akairusha.

"Sitaki hela zenu za tumbaku! Nataka mdomo. Yule mama yenu angekuwa hai angeshanitukana mpaka niombe maji. Ukoo mzima huu, hakuna mwenye ulimi?"

Wakacheka. Akaendelea, sasa kwa ile sauti yake ya uani:

"Wanyamwezi nyie! Mmetembea na pembe za ndovu vichwani kutoka Ujiji mpaka pwani, mkafika baharini, mkaonja maji, mkauliza nani kamwaga chumvi yote hii! Mizigo imewabonyeza vichwa mpaka maneno yamekwama shingoni! Haya, nijibuni!"

Kicheko kikubwa. Halafu kikaisha. Na kila mtu akageuka kumtazama Baba, maana yeye ndiye mwanao mkubwa.

Baba akakohoa. Akashika tai. Nikaona midomo yake inajipanga, na nilijua, Bibi, nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba anataka kusema samahani. Akisema samahani imekwisha. Bi Tatu atainuka, atapisha, atatabasamu kwa heshima, na jioni atakuwa ndani ya basi.

"Bi Tatu!"

Sikuijua ile sauti. Nilidhani ni ya mtu aliye nyuma yangu.

"Nani huyo?" akauliza, anapepesa macho.

"Mimi."

"Mimi nani? Kina mimi wamejaa hapa."

"Kabula. Mjukuu wa Nyamizi."

Shingo zote zikanigeukia, Bibi. Hata gari nje nadhani lilizima.

"Ni kweli tulibeba," nikasema. "Tulitembea miezi na mizigo kichwani. Na tulipofika tuliwakuta nyie wapi? Mmekaa mlangoni, miguu mmeinyoosha, mnasubiri kuletewa! Mpaka leo hamjainuka! Jitazame hapo ulipo!"

Loo! Wanawake walipiga vigelegele mpaka nyumba ya pili. Mjomba alipiga ukuta. Bi Tatu aliitazama miguu yake iliyonyooka kizingitini kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuiona. Akaikunja.

Halafu akaniambia, bila kucheka, "Hiyo moja. Bibi yako alikuwa haishii moja."

Hapo ndipo ningekimbia siku zote. Lakini nikaona mdomo wake unatetemeka pembeni, na nikajua hanijaribu. Ananiomba.

"Ya pili," nikasema. "Babu zetu walibeba pembe, wakabeba nta, wakabeba mpaka watu wazima kwenye machela. Kitu kimoja tu waliweka chini wakasema hiki hatukiwezi: mdomo wa Mzaramo! Ulihitaji misafara miwili!"

"Na ya tatu?"

Ya tatu sikuwa nayo. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimefika mwisho wa akiba. Nikatazama huku na huku, nikaliona begi lake la mistari limeegemezwa kwenye ukuta wa sebuleni, tayari kwa safari. Nikaenda nikalibeba. Bibi, ni zito! Nikalipandisha gotini, kifuani, mpaka kichwani, mbele ya wageni wote na sare yangu mpya ya harusi. Shingo ililia.

"Ya tatu, Mnyamwezi hatui mzigo wa mtu katikati ya njia. Begi hili limetoka Tabora, linarudi Tabora. Kama una haraka ya pwani, nenda na miguu yako uliyoinyoosha. Vyombo vyako vilivyomo nitavitumia mimi!"

Sasa hapo hawakucheka tu. Walisimama. Shangazi Mhoja alinijia mbio na kanga akaitandaza chini nipite. Dada Neema, na vipodozi vyake vyote, alikuwa anaruka. Na Baba ndipo alipovua ile miwani.

Bi Tatu akainuka kizingitini. Taratibu, anashika kiuno. Akanitazama pale chini ya begi, jasho linanitoka, akafungua mdomo:

"Polepole, wewe punda! Humo mna vikombe vya udongo!"

Bibi. Maisha yangu yote alikuwa ananiita mwanangu. Mwanangu chukua kitumbua, mwanangu umekonda, mwanangu soma. Nimeitwa punda mbele ya ukoo wote, wakwe wakisikia, na sijawahi kuheshimiwa kiasi kile.

Bibi harusi akatoka. Tukaenda kanisani, nilibeba lile begi mpaka kwenye gari na nilikataa kusaidiwa, hata na yule shemeji wa masikio. Usiku ule tulilala chumba kimoja mimi na Bi Tatu, na kabla hajazima taa aliniambia kwamba lile la miguu lilikuwa zuri, lakini lile la mdomo na misafara miwili nilianza kucheka kabla ya kumaliza, na mtani hachekei maneno yake mwenyewe. Anawaachia wengine kazi hiyo. Nikamwambia sawa. Halafu akageukia ukutani, akalia kidogo, na mimi nikalia kidogo.

Asubuhi mabasi ya Dar yakapita pale barabarani yakipiga honi. Hakuuliza hata moja. Tulirudi naye Tabora, funguo akazifuata kwa jirani, na nasikia jirani alikuwa ameshaanza kuhamishia kuku wake ndani. Wamegombana kweli hao. Huo haukuwa utani.

Kuna jambo moja sitaki ulisikie kwa mwingine. Sijageuka kuwa wewe. Juzi mwenye duka alinirudishia chenji pungufu, nikaondoka bila kusema neno. Mkutano wa shule ukifika bado nitakaa kiti cha nyuma. Rehema bado anafikiri sina maoni. Lakini sasa najua sauti yangu inakaa wapi, na najua njia ya kuifikia. Ni ndefu, ila ina mwisho.

Baba naye anajaribu. Jana alimwambia Bi Tatu kwamba Wazaramo ni wavivu. Akaishia hapo. Kisha akaongeza, "Samahani, Mama." Tunamfundisha.

Matusi yako sijayachukua, Bibi. Yalikuwa yako, na umeondoka nayo kihalali. Nakuahidi nitatunga yangu, kila siku ya Mungu nitakayokuwa Cheyo, na nikienda mbali kusoma nitapiga simu nimtukane huko huko. Mtu aliyekulalia njia usiende hataamkiwa tena kwa adabu nyumbani kwetu.

Wabeja, Bibi, asante kwa kunisubiri miaka yote hiyo bila kunisukuma. Lala vizuri. Ukisikia makelele huku, usishtuke. Ni sisi.

Mjukuu wako,
Kabula