Futi Moja ya Maneno

Changamwe, Jumatatu

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai mguu wa mama umepungua uvimbe, na wote nyumbani Lamu mmeamka salama. Mimi ni mzima, na bahati inaniandama mpaka watu wananionea kijicho. Kama nilivyokwambia Idi iliyopita, mashine ya kupeleka maneno hapa kiwanja cha ndege iko chini ya mkono wangu. Nakalia kiti cha kuzunguka, na nina msaidizi, Mathias, mtu wa Rabai. Wazungu huniuliza mimi habari za Entebbe kabla hawajafungua gazeti.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimeikunja kabla ya mwisho. Wali umepikwa, watu wamekaa kitako, mwalimu anauliza, "Baba yake Zuhura yuko wapi? Au nani kapewa uwakala wa kumwozesha?" Mwalimu anafunga kitabu chake, ndoa haifungwi. Mtoto kavuliwa vikuba vyake vya asumini, analia. Nawe umeapa shemeji Omari hutamjibu hata salamu, kwa kuwa alipata habari huko kazini kwake Entebbe akanyamaza.

Dada, mumeo hana kosa. Kosa ni langu.

Ile mashine hutoboa utepe wa karatasi. Herufi moja ni safu moja ya matundu, na safu kumi ni inchi. Basi futi nzima ni herufi mia na ishirini. Salamu za watu wetu hazipewi zaidi ya futi moja. Nikauhesabu kwa kidole ujumbe wako wa kwenda kwa shemeji: herufi mia na kumi na saba. Nikajiona mwalimu wa hesabu. Mathias alipokwisha kuutoboa, nikapima futi yangu kwa rula, nikatia alama ya penseli; kilichozidi nikakidhani mkia wa utepe tu.

"Nikate hapa?" akaniuliza. Alikuwa na haraka, hakusoma.

"Hapo hapo, wallahi. Na herufi tatu zinazobaki nakupa wewe, zipeleke kwenu Rabai."

Barua yako ilipofika ndipo nikamwonyesha hesabu ile.

"Athmani, umehesabu herufi. Nafasi baina ya maneno umezipeleka wapi?"

"Nafasi si kitu. Ni pahala patupu."

"Kwako wewe. Kwa mashine kila nafasi ina safu yake."

Maneno yako yalikuwa ishirini na matano, nafasi ishirini na nne. Jumla ni safu mia na arubaini na moja. Zile ishirini na moja za mwisho hazikwenda, nazo ndizo "mpe kaka yako idhini". Shemeji alisoma kuwa ndoa ni Ijumaa na asihangaike kuacha kazi, basi. Ameniandikia, "Nimefanywa mgeni kwa mwanangu wa kumzaa." Wewe ulitaka kwenda Posta, nami nikakukataza: Posta ya nini na nduguyo yupo?

Nimemweleza shemeji kila kitu. Idhini ameshampelekea kaka yake Bakari kwa simu ya maandishi ya Posta, safari hii kamili. Sasa nakuomba umsomee baba yake bwana harusi barua hii, yote, usiruke mstari, ajue Zuhura hakukataliwa na babake. Akitaka kunicheka na anicheke, mradi siku nyingine ipangwe.

Nisalimie mama, umwombe asinilaani. Msalimie Bakari, aliyesimama mbele ya wageni bila idhini, na bibi jirani aliyepika wali ule. Zuhura mwambie mjomba wake anamwomba radhi.

Na hili pia lisome. Sina kiti wala msaidizi. Karani ni Mathias, na futi ile alinipa kwa huruma baada ya kumbembeleza wiki nzima. Sikumuuliza hesabu kwa kuwa nilikwisha kujisifu mbele yake kwamba naijua. Mimi hufagia chini ya mashine. Kile kipande cha mwisho, chenye maneno yako, nilikifagia kwa mkono wangu nikakitia motoni.

Nduguyo,
Athmani