Kisiwa cha Ugali

Nekesa mdogo wangu,

Ulinicheka nilipopakia unga kwenye sanduku. Sasa sikia.

Imani, mjukuu wetu, alikuwa ametengeneza kwa karatasi mfano wa Devon, kisiwa kikubwa cha Aktiki kisicho na mkazi hata mmoja, auonyeshe kwenye mashindano ya shuleni. Jumapili nikaenda kujigamba nao kanisani hapa Handsworth, Uingereza, na manyunyu ya huku yakaulowesha wote. Mtoto akalia.

Jioni ile nikasonga ugali, ule wetu mgumu, nikaugeuza kwenye sinia, Imani akachonga milima na ghuba kwa kijiko. Nami kwa mazoea nikabonyeza kidole gumba, kama mtu anayetaka kuchota mboga. Akaruka. "Kukhu, that's the crater," akaniambia mimi bibi yake, yaani ndilo shimo la kisiwa. Kumbe kimondo kilianguka pale kikaacha shimo, na wanasayansi huenda humo kujizoeza safari ya Mars.

Shuleni alieleza vizuri: Wainuit, wenyeji wa Aktiki, waliishi pale zamani wakahama, na meli za Waingereza zilizotafuta njia ya Asia zikanaswa na barafu. Mwalimu akauliza shimo limetengenezwaje. Huyu mtoto anayenijibu kwa Kiingereza tangu nifike akanigeukia, akasema kwa Kiswahili mbele ya wote, "Ni kidole cha kukhu wangu." Tukapewa nafasi ya kwanza.

Nisalimie nyumba nzima, na Mungu akuongezee afya. Zile meli zilishindwa na kisiwa, Nekesa. Sisi tulikila jana na sukuma wiki, tukalamba na sinia.

Dada yako, Naliaka